Chupa ya Saba

Chupa tupu zikigongana ndani ya sanduku la mbao hutoa mlio mwembamba, kama meno ya mtu aliyeshikwa na homa ya baridi. Mlio huo niliusikia kabla sijamwona aliyekuja nao. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikadhani ni muuza soda kapotea njia. Soda ilifika kwetu kwa nadra siku zile, na mimi nilikuwa mtu wa kutazamia mazuri tu, hata yasipokuwapo. Nikaacha ungo nikakimbia mbele ya nyumba.

Pale barazani alikuwa amesimama mwanamke kijana, mtu wa bara, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ameshika baiskeli ya kukodi kutoka Ukunda, na nyuma ya baiskeli limefungwa sanduku. Soda hakuwa nayo. Chupa zote zilikuwa tupu, na alikuwa amekuja kuzijaza maji ya visima vyetu.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu tangu baba afariki. Alipokea barua ya ofisi ya wilaya kutoka mkononi mwa yule mgeni, akaisoma mara mbili, kisha akaigeuza akatazama nyuma yake, kusikoandikwa kitu.

"Umesema wewe ni mwalimu," alimwambia.

"Ndiyo, mzee. Nafundisha kemia chuo kikuu."

"Na wanafunzi wako wako wapi?"

"Nimewaacha Nairobi. Nimepewa nafasi ya kufanya utafiti, miaka miwili."

"Na mshahara?"

"Unaendelea, mzee. Na kuna fungu jingine la utafiti wenyewe."

Mjomba akamtazama mama. "Umesikia, dada yangu? Huko Nairobi kuna mtu analipa watu waje kutuuliza maji yetu yana ladha gani."

Msimwone mjomba mkorofi. Tulikuwa na miaka michache tu ya Uhuru, na kila aliyekuja kwetu na chombo cha kupimia aliondoka na kitu. Kule Diani walianza watu wa minyororo na vigingi. Nao walikuja na barua, nao walisalimu vizuri, wakanywa madafu yetu. Baada ya vigingi ikaja seng'enge, na baada ya seng'enge njia waliyopita mama zetu kwenda kuokota chaza ikafungwa, tukaambiwa hapa patajengwa hoteli. Kwa hiyo mtu akija na barua na kusalimu vizuri, watu wa kwetu hawalegei, hukaza.

Aliyemtetea ni mama. Alisema barua ya serikali imesema apokelewe, na mwanamke hawezi kuachwa alale njiani, basi akae chumba chetu cha nje. Bibi jirani, ambaye hakualikwa kwenye shauri lile lakini alikuwa amekwisha kaa kitako, aliunga mkono kwa sababu zake. "Afadhali alale kwenu," alisema, "tumwone anavyoamka."

Mimi nikapewa kazi ya kumsaidia. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, nikatoka baba alipofariki, lakini tarakimu zangu zilikuwa nzuri na sikuona haya kuuliza. Nilimpenda siku ile ile. Alikuwa na koti jeupe alilolitundika kwenye msumari, na akitoka mimi nilikuwa nikilivaa, naegemea meza, nawafundisha wanafunzi mia moja wasiokuwapo. Niliwakaripia sana.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza ile nafasi yake ni kitu gani. Alisema huko chuoni walimu wakubwa ndio wanaochagua cha kutafiti. Walimu wapya husahihisha mitihani na kuosha vyombo vya kioo vya wakubwa. Mwaka ule kamati ilikuwa imetenga fungu kwa walimu vijana wa sayansi na uhandisi, kila atakayelipata achague swali lake mwenyewe. Waliomba wengi, wakapata wachache. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini visima viwili vikae jirani, kimoja kiwe na maji matamu na cha pili kiwe na chumvi, na chumvi hiyo inatembea vipi?

"Mwaka wa kwanza wamenipa kwa barua yangu ya maombi," aliniambia. "Mwaka wa pili watanipa kwa daftari langu. Daftari likiwa baya, narudi kwenye beseni. Kuna mmoja kule ameshaniambia ananitunzia nafasi yangu pale."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini aliporudi kuandika niliona ameng'ata midomo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Alhamisi asubuhi nilikwenda visima saba, kuanzia kile cha mbali upande wa Msambweni hadi chetu, ambacho kilikuwa cha mwisho na kilichokuwa karibu zaidi na ile hoteli, ambayo sasa ilikuwa imekwisha jengwa. Nilivuta ndoo, nikasuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, nikaijaza hadi mdomoni, nikafunga kizibo na kibandiko chenye namba. Nyumbani yeye alipima maji kidogo kwenye gilasi, akatia dawa ya manjano, halafu akafungua kibilula kidogo cha mrija wa kioo, dawa ya pili ikadondoka tone kwa tone. Maji yakikaa manjano, anaendelea. Yakigeuka rangi ya tofali, anasimama. Matone machache, chumvi kidogo. Matone mengi, chumvi nyingi. Hayo ndiyo aliyoyaandika.

Ile dawa ya pili ilikuwa na tabia mbaya. Ikikugusa huoni kitu, lakini ukitoka juani ngozi inapiga weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Haukupita mwezi, vidole vyake vya mkono wa kulia vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha. Hapo bibi jirani alipata alichokuwa akikitafuta. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kwa upole ni maji gani hayo yanayomuunguza mtu anayeyapima, na kama ni dawa, je, inamwagwa wapi ikishatumika. Wanawake wawili wakaacha kunisalimu kisimani. Mmoja alivuta ndoo yake pembeni nilipokaribia na chupa zangu, akasema, "Pita, mwanangu, pita kwanza," kwa sauti tamu kabisa, na hakuitia ndoo yake kisimani mpaka nimekwisha potea machoni.

Sasa nieleze chupa ya saba.

Kisima chetu kilikuwa sadaka. Baba alipofariki, mama na mjomba waliuza ng'ombe wake wakachimbisha kisima kando ya njia, kiwe chake. Hakikuwa na mlango wala zamu. Kila anayepita anateka, na kila aliyekunywa anamwombea marehemu, hata kama ni kwa neno moja. Niliyafahamu hayo kwa njia ya kitoto. Niliona kila ndoo inayopanda, kitu kinamfikia baba huko aliko. Wakati mwingine nilikaa pale nikihesabu ndoo za watu, nikifurahi kwa ajili yake. Asubuhi ndoo ishirini, jioni kumi na tano. Baba alikuwa na hali nzuri.

Miezi ya mwanzo kisima chetu kilitumia matone kumi na moja. Kisha kumi na nne. Kisha kumi na nane. Nilimuuliza mwalimu maana yake, naye akajibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Kinaingiwa na chumvi. Kikienda hivi, watu hawatakunywa."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilisikia kama ameandika kwenye daftari la serikali kwamba sadaka ya baba imekataliwa. Na kule kwetu, mtu akisema kisima cha sadaka kimeharibika, swali la pili halihusu kisima. Watu huuliza huyo marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Alhamisi iliyofuata nilijaza chupa sita kwa haki. Ya saba niliivusha barabara, nikaijaza kwenye kisima cha msikitini ambacho hakikuwa kwenye orodha yake, kwa sababu kiko upande wa juu, mbali na bahari. Nilisuuza mara tatu kama nilivyofundishwa. Nikafunga kibandiko chenye namba saba.

Matone tisa.

Mwalimu alitazama gilasi, akapima tena. Tisa. Akaniuliza kama mvua imenyesha upande ule, nikasema sikuona. Akaniuliza kama kuna mtu kasafisha kisima, nikasema sijui. Nilikuwa na furaha moyoni kama mtu aliyemponya mgonjwa, na aibu sikuijua bado.

Nilifanya hivyo Alhamisi kumi na moja. Sasa nikikumbuka naona jinsi alivyobadilika. Mara ya tatu alianza kunitazama nikiingia. Mara ya tano alikuja nami visima vyote, nami siku ile nilijaza ya saba kwetu mbele ya macho yake, lakini tulipofika nyumbani, wakati akivua viatu, niliibadilisha na nyingine niliyoijaza msikitini alfajiri. Mara ya sita alivinusa vizibo. Alianza kufunga madirisha akipima. Alinishuku, lakini alishuku jambo jingine: alidhani watu wanamimina kitu kisimani ili kuiharibu kazi yake, na kwamba mimi najua ni nani.

Upande wa pili, mjomba naye alikuwa akiniita chemba. Je, anaandika majina ya wenye mashamba? Anaandika. Aliuliza mpaka wa shamba letu uko wapi? Aliuliza, akisema ni kwa ajili ya kuomba ruhusa. Mjomba akatikisa kichwa. Akanituma nitazame kwenye mkoba wa mwalimu.

Nilitazama. Sikujivunia, lakini pia sikukataa, maana kutafuta siri kulinipendeza kama kuvaa koti. Mkobani mlikuwa na barua za kamati, kitabu, na ramani aliyoichora mwenyewe. Visima vyetu vyote saba vilikuwapo, kila kimoja na namba yake. Na juu yake, kwa wino mwekundu, ilichorwa ile hoteli, na kutoka kwenye hoteli ikatoka mistari myekundu mpaka kwenye visima vyetu, kama vidole. Mstari mnene kuliko yote uliishia namba saba.

Nilikwenda mbio kumwambia mjomba. Yeye hakushangaa. Alisema ndiyo yale yale. Kwanza wataandika kwamba maji ni mabaya. Halafu watatuambia watu hawawezi kukaa mahali pasipo na maji, tuhamie ndani huko mbali na pwani, Mkongani au Kikoneni, tukalime. Halafu vigingi. Akaniambia nisimwambie mwalimu neno lolote, na kwamba yule profesa ambaye mwalimu alisema atakuja kukagua daftari, akifika, yeye mjomba ndiye atakayezungumza.

Nami nilijiona shujaa. Kumbe nilikuwa nimekilinda kisima cha baba na shamba letu kwa chupa moja.

Profesa alikuja ilipobaki miezi miwili mwaka ule wa kwanza uishe. Alikuwa Mzungu mzee, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, sahihi mpaka kikatutia haya. Alikuwa mmoja wa kamati iliyotoa fungu. Alikaa barazani, akavaa miwani, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa huku chai niliyomletea ikipoa. Mwalimu alikaa mbele yake na mikono yake myeusi mapajani, kama mtoto anayengoja kutahiniwa.

"Visima sita chumvi inapanda," alisema profesa. "Cha saba kilipanda pamoja navyo. Kisha juma moja kikashuka ghafla, kikabaki. Tisa, tisa, kumi, tisa. Cha karibu kabisa na bahari kimekuwa kitamu kuliko vyote."

"Nimeona. Sikuelewa, ndiyo maana nimeandika kama kilivyo."

"Nimekagua madaftari ya vijana wengi. Yapo yanayoandikwa kisimani, na yapo yanayoandikwa kitandani."

Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo. "Kila Alhamisi nimehesabu mwenyewe."

"Basi kesho asubuhi nitateka mimi. Nikipata kama kilichoandikwa, tutazungumza juu ya mwaka wa pili. Nisipopata, hatutakuwa na la kuzungumza."

Akaenda kulala Msambweni. Mimi nilikuwa nimeshika sinia nyuma ya pazia. Nilijua atakachokipata kesho. Watu wenyewe kisimani walikuwa wameshaanza kukunja uso wakinywa.

Gari halijafika mbali, mjomba akamgeukia mwalimu. Alikuwa amengoja sana. Akamwambia hana haja ya kesho, maana kwa vyovyote mwaka wa pili hatakuwapo hapa, na akawape salamu wenye hoteli waliomchoresha ramani.

"Ramani?" mwalimu alisema. "Ramani umeionaje, mzee?"

Macho ya mjomba yakaniangukia, kisha yakaniacha haraka mno. Mwalimu akafuata macho yale mpaka kwangu. Hakunikemea. Aliingia chumbani akaileta ramani, akaitandika juu ya mkeka mbele yetu sote.

"Mistari hii myekundu ni shuku yangu," alisema. "Hoteli ina pampu ya dizeli, inavuta mchana kutwa. Nashuku inayanywa maji matamu yaliyo chini ya ardhi, na bahari inaingia mahali pake. Lakini siwezi kuandika shuku. Ninahitaji matone. Kama ni pampu, kisima chenu ndicho kingekuwa cha kwanza kuharibika, kisha cha sita, kisha cha tano. Na chenu ndicho kinachosimama peke yake kusema mimi ni mwongo."

"Maneno mazuri," mjomba akasema. "Hata watu wa minyororo walikuwa na maneno mazuri."

Akaondoka. Mama akaondoka. Mwalimu akabaki akiikunja ramani polepole, akikosea mikunjo, akianza tena. Nilitaka kusema pale pale. Lakini niliona nikisema, nimemtoa kafara baba. Nikinyamaza, nimemtoa yeye, na pengine nimewatoa watu wote wa njia ile pamoja naye.

Asubuhi profesa alikuja na ndoo yake mwenyewe na kamba yake mwenyewe, mpya. Bibi jirani alikuwa ameshafika. Mjomba alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Profesa alipoinama juu ya kisima nilimshika mkono wa shati, jambo ambalo mama hajalisahau.

"Kisima hakijashuka," nilisema. "Mimi ndimi niliyebadilisha maji."

Akanyooka. Hakunitazama mimi, alimtazama mwalimu. Kisha akaniuliza polepole, "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna."

"Jana uliyasikia maneno yangu. Na umelala nyumba moja naye."

Sikulitegemea hilo. Katika ndoto zangu zote mtu akisema kweli, watu huamini, halafu kuna kulia kidogo na kukumbatiana. Pale walinitazama wote wanne na kila mmoja alikuwa na shaka yake. Profesa alidhani nimetumwa na mwalimu. Mjomba alidhani nimenunuliwa. Bibi jirani alidhani nimelogwa. Na mwalimu alikuwa akinitazama kama mtu aliyeangusha kitu kizito na hajajua kama kimevunjika.

"Maji niliyateka kisima cha msikitini, ng'ambo ya barabara," nikasema. "Hakimo kwenye daftari. Kapimeni. Yakitoka matone tisa mtajua."

Mwalimu akauliza jambo moja tu. "Kwa nini?"

"Kisima hiki ni sadaka ya baba. Ulisema watu hawatakunywa."

Nikasikia mama, aliyekuwa ametufuata kisimani, akivuta pumzi nyuma yangu.

Zilitekwa ndoo mbili. Meza ikatolewa uani. Mjomba alisema haamini mkono wa mtu yeyote pale, atahesabu yeye. Akakunja mikono ya kanzu, akainama mpaka pua ikakaribia gilasi. Maji ya msikitini yaligeuka rangi ya tofali kwenye tone la tisa. Mjomba akasema, "Tisa," kisha akalitazama daftari alilokuwa amelishika profesa, juma baada ya juma. Halafu yakaja maji ya kisima chetu. Kumi. Ishirini. Mjomba alianza kuhesabu kwa sauti, akaendelea kwa mnong'ono. Thelathini. Thelathini na nne.

Bibi jirani alishika pindo la leso yake. Mama aliingia ndani. Mjomba aliutazama upande wa hoteli, ambako pampu ilikuwa ikinguruma kama kawaida, na sijui aliwaza nini, lakini tangu siku ile hakusema tena maneno ya kuhamishiwa Mkongani.

Profesa alimwambia mwalimu apige mstari mwekundu juu ya Alhamisi zile kumi na moja na aandike pembeni sababu yake. Yeye mwenyewe akatia sahihi chini. Alipoaga hakuahidi chochote. Miezi miwili tuliishi na barua isiyokuja, na kila gari lililopita mwalimu alisimama.

Ilipokuja, mwaka wa pili alikuwa amepewa. Lakini kamati iliweka sharti: maji atayateka mwenyewe, na kuwe na shahidi mtu mzima wa pale pale. Mjomba alijitolea kabla hajaombwa. Alisema akiachiwa mtu mwingine tutadanganywa. Kila Alhamisi alikaa kwenye kigoda na miwani ya kuazima, akihesabu matone, akigombana na mwalimu juu ya tone lililokwama kwenye mdomo wa mrija kama ni tone au si tone. Watu wa hoteli walimtuma karani wao kusema ni kiangazi tu, chumvi hiyo itakwisha mvua zikinyesha. Mjomba aliandika maneno hayo na siku yaliposemwa, akayaweka kwenye kofia yake.

Mimi nilibaki na kazi ya kubeba sanduku la chupa tupu. Chupa zikishajaa alibeba mwalimu mwenyewe. Hakunisema kamwe, na tulikula pamoja na kucheka kama zamani, lakini alikwenda Ukunda akarudi na kufuli dogo la mkoba wake. Alilifunga akiwa amenipa mgongo, ili nisione, nami nikajifanya kutazama kuku. Niliona ni haki yake. Iliniuma vivyo hivyo.

Kisima cha sita kikafuata chetu kuharibika. Kisha cha tano, taratibu. Mwalimu alifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja, na hakujua afiche lipi.

Na watu wakaacha kuteka kwetu. Hakuna aliyetangaza. Ndoo ishirini za asubuhi zikawa sita, zikawa mbili. Bibi jirani alikuwa wa mwisho. Alikuja akateka, akaonja kwa kiganja, akaimwaga ndoo kando kwa adabu, upande ambao alidhani siko. Baada ya hapo sikumwona tena pale. Mama alipita pale kama mtu anayepita msibani, haraka, bila kugeuza shingo.

Siku moja, Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini na mwalimu akiandika chumbani, nilikwenda kisimani na beseni letu la bati, lililokuwa limetoboka nikaliziba kwa nta. Nililiweka kando ya njia, kwenye kivuli cha mkorosho. Nikavuta ndoo ya kwanza, nikasuuza beseni mara tatu, nikalijaza. Mbuzi wa watu walikuwa wakirudi kutoka mabondeni. Wa kwanza alinusa, akapiga chafya, akainamisha kichwa akanywa. Wengine wakamsukuma. Mbuzi hawajali chumvi hiyo, wengine huipenda. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba hata mnyama akinyweshwa, thawabu ipo. Nikamnuia baba, kimya kimya, nikashika kamba nikateremsha ndoo ya pili.